Aliyemaliza Matairi ya Nyuma

Siku gari la marehemu baba yake lilipopanda kwenye bustani ya mzunguko wa barabara na kulala juu ya maua ya manispaa, Mtaalamu hakusema kwamba aliteleza. Alisema gari lilikataa amri. Ilikuwa imenyesha mvua ya rasharasha, ile inayochanganyika na vumbi na mafuta ya barabarani mpaka lami inakuwa kama sahani isiyooshwa. Mwenyewe alikuwa anazunguka kwa mwendo wa kubembeleza, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine dirishani ili saa yake nayo ipate hewa. Akagusa mafuta kidogo tu, na matako ya gari yakaamua kutangulia mbele.

Askari wa barabarani aliyekuwa amejikinga mvua chini ya bango la matangazo alikuja bila haraka. Akalizunguka gari, akainama nyuma, akapitisha kiganja juu ya tairi kama anayempapasa mtoto kichwani.

"Mzee, hapa hakuna nywele," akasema. "Hiki ni kipara."

Jina la Mtaalamu alipewa na mashemeji zake kwa kejeli, naye akalipokea kama cheo. Hakukuwa na jambo asilolijua, na lile asilolijua alilijua zaidi. Kazini alikuwa ofisa ununuzi wa hospitali kubwa, na sifa yake ilivuka mipaka ya idara pale aliponunua magodoro bora kuliko yote sokoni, ambayo kasoro yake pekee ilikuwa kwamba yalikuwa marefu kuliko vitanda. Wagonjwa wa wodi ya wanaume walilala miguu ikiwa imeinuka kidogo, na Mtaalamu aliandika kwenye taarifa yake kwamba mkao huo husaidia mzunguko wa damu.

Gari lenyewe halikuwa lake. Baba yake, mpima ardhi, alitumia ujana wake wote ndani ya magari ya serikali yanayonuka rangi na vigingi vya kupimia. Alipostaafu akawashangaza watu kwa kununua gari kubwa la buluu iliyokolea, injini silinda nane, milango inayofunga kwa sauti ya sefu ya benki. Ndugu walisema mzee amechanganyikiwa. Akaishi nalo miaka michache, kisha mwaka uliopita akajilaza baada ya chakula cha mchana na hakuamka. Gari likabaki kwa Mama, na Mtaalamu, mtoto wa kiume wa pekee, akajitwika mzigo mzito wa kuliangalia. Kila Jumamosi alikwenda kwa mama yake, akaliosha, akalizungusha mjini ili betri isife. Kwa bahati mbaya betri ile ilikuwa haiponi mpaka ipite mbele ya ofisi za watu wanaomjua.

Basi, baada ya ajali ya maua, Mtaalamu akatangaza nyumbani kwake kwamba anaingia katika mchakato wa kuchagua matairi.

"Si unakwenda dukani unanunua?" mkewe akauliza. Mkewe alikuwa mfamasia, mtu wa maneno machache yaliyopimwa kama dawa.

"Gari kama lile hulinunulii matairi. Unalichagulia."

Akachagua kwa wiki kadhaa. Alijiunga na kundi la simu la wenye magari ya nguvu, ambamo wengi walikuwa na picha za magari ya nguvu. Mshauri mkuu humo alikuwa bwana mmoja aliyejiita Mfalme wa Lami, ambaye baadaye ilijulikana kwamba anamiliki pikipiki, tena ya kaka yake. Kila jioni Mtaalamu alifika mezani na jipya. Mara ulaini wa mpira. Mara ugumu wa ubavu. Mara ile herufi ndogo ya mwisho kwenye ubavu wa tairi inayosema linahimili kasi gani. Watoto walijifunza kula haraka.

"Yapo ya aina tatu," alimweleza mkewe usiku mmoja kabla ya kulala. "Kuna ya watu wanaopenda ukimya. Kuna ya watu wanaoogopa mvua. Halafu kuna nusu-mashindano. Mpira wake laini, mifereji michache. Yanang'ang'ania barabara kama kupe."

"Na mvua ikinyesha?"

"Mvua ni suala la dereva."

"Siku ile kwenye maua dereva alikuwa nani?"

Mtaalamu akazima taa.

Alikuwa pia ametengeneza jedwali la alama kama lile la zabuni za hospitali. Mwonekano ulipewa alama nyingi, kwa maelezo kwamba tairi ndilo kiatu cha gari. Mshiko kwenye kona kali ukapewa nyingi zaidi, ingawa kona kali kuliko zote katika maisha yake ya kila siku ilikuwa ile ya kuingilia maegesho ya hospitali, ambapo kulikuwa na matuta mawili na mlinzi. Mkewe aliliangalia jedwali lile akiwa anamenya chungwa.

"Kurudi nyumbani mzima kuna alama ngapi?"

"Hiyo iko ndani ya mengineyo," akajibu, na hakuwa anatania.

Jumamosi ikafika. Alikwenda kwa mama yake kuchukua ufunguo na kumpa taarifa, si kumwomba ruhusa, kwa sababu mambo ya matairi humchosha mwanamke bure. Mama alikuwa mkunga mstaafu, mfupi, mwenye mikono mikubwa kuliko mwili wake, na viatu vya kamba ambavyo alivivaa hata sebuleni. Alimsikiliza mpaka mwisho, akameza chai iliyobaki kwenye kikombe, akasimama.

"Nitakwenda na wewe."

"Mama, kule ni grisi na kelele. Utachafuka."

"Nimezalisha watu umri wangu wote, mwanangu. Nitaogopa grisi?"

Njiani Mama alitazama barabara. Mtaalamu aliendesha kwa madaha, akieleza jinsi gari linavyohitaji mkono wa kiume. Kila walipokaribia kona aliona mguu wa kulia wa mama yake ukibonyeza zulia, kwanza kwa nguvu, kisha taratibu. Akaona huruma. Masikini, akawaza, anaogopa. Akapunguza mwendo zaidi, mpaka mwendesha baiskeli mwenye kreti la mayai akawapita.

Duka la matairi lilikuwa jengo refu la bati mkabala na kituo cha mafuta. Ndani, matairi yalipangwa mpaka darini, na harufu ya mpira mpya ilikukaba kabla hujasalimia. Pembeni kulikuwa na viti vya plastiki kwa wateja, runinga isiyo na sauti, na pampu ya upepo iliyokuwa ikinyamaza na kuanza kunguruma upya kila mtu alipotaka kusema jambo la maana. Muuzaji alikuwa mtu mnene aliyepiga pasi shati lake mpaka mikunjo ikasimama, na alikuwa na kipaji kimoja tu, lakini kikubwa. Alikubaliana na kila anayesema.

"Karibu bosi. Karibu mama, kaa kitini upumzike. Hiyo mashine ni yako, bosi? Aa, hiyo si gari, hiyo ni heshima."

Mtaalamu akakubali kwamba ni heshima.

Fundi akaliinua gari kwa jeki, akayafungua matairi, akayalaza sakafuni. Muuzaji akachuchumaa, akapitisha kidole. Yale ya mbele yalikuwa yamechoka, lakini mifereji ilionekana bado. Ya nyuma yalikuwa yamekwisha kabisa, laini kama bakuli, na upande wa ndani nyuzi zilikuwa zimeanza kuchungulia.

"Bosi," Muuzaji akasema kwa heshima mpya, "wewe una mguu."

"Kwa vipi?"

"Haya hayakufa kwa uzee. Haya yamechomwa. Mtu anaondoka na gari kama amefukuzwa na nyuki, anaingia kona na moto, anatoka na moto. Mbele yamepona kwa sababu nguvu yote iko nyuma. Miguu ya hivi nimeona michache."

Sasa, mtu mwingine angesita. Angekumbuka kwamba tangu alichukue gari hilo amelizungusha mjini tu, nyuma ya malori ya taka. Mtaalamu alikohoa kidogo, akarekebisha saa yake.

"Unajua," akasema, "wakati mwingine barabara ikiwa wazi, mtu anajisahau."

"Lazima ujisahau, bosi. Gari lenyewe linakuita."

Mama alikuwa anatafuta kitu ndani ya mkoba wake. Alikitafuta muda mrefu.

Yakaletwa matairi ya nusu-mashindano. Mtaalamu aliyazunguka kama mchumba aliyeonyeshwa bibi harusi. Yalikuwa mapana, meusi ti, na mifereji miwili tu ya kuzunguka, na mengine yote mpira mtupu. Akambonyezea Muuzaji ubavu wa tairi na kumweleza mambo ambayo Mfalme wa Lami alimweleza yeye. Muuzaji akatikisa kichwa kana kwamba anayasikia mara ya kwanza katika maisha yake ya kuuza matairi.

Mama akaja kutoka kwenye kiti chake, akainama, akaweka kidole kwenye mfereji.

"Maji yatapita wapi?"

"Mama ana hoja," akasema Muuzaji.

"Mama, haya si ya maji," Mtaalamu akasema kwa sauti ile ambayo watu hutumia na wazee na watoto wachanga. "Haya ni ya mwendo. Ya mshiko. Yakishapata joto..."

"Bosi ana hoja."

"Mpaka yapate joto unakuwa umeshafika mtaroni," Mama akasema. "Na ule ubavu mgumu sana siutaki. Yale ya mwanzo yalikuwa hivyo hivyo, ukipita kwenye kishimo kidogo mgongo unalia."

"Wewe utajuaje, Mama? Ulikuwa unakaa pembeni."

Pampu ya upepo ikachagua wakati huo kunyamaza.

"Hayo ya nyuma niliyamaliza mimi," Mama akasema.

Fundi akaacha spana. Muuzaji alitazama upande huu, akatazama ule, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakupata mtu wa kukubaliana naye. Mtaalamu alicheka kidogo, kile kicheko cha kumsaidia mwenzako atoke kwenye mzaha ulioharibika. Mama hakutoka.

Wakaenda nje, wakakaa juu ya rundo la matairi mabovu kwenye kivuli cha bati. Mama akapangusa vumbi kwenye sketi yake.

"Baba yako alikuwa haoni," akasema.

"Baba alikuwa anasoma gazeti kila siku."

"Alikuwa analifungua. Presha ya macho. Ilianza pembeni, kama mtu anayekuvutia pazia huku na huku. Daktari alimwambia kabla hajastaafu. Siku ile aliporudi alikaa kimya mpaka jioni, kisha akasema, kama macho yanaondoka, basi kwanza yaone mwendo. Ndipo akanunua hili gari. Nyie mkasema amechanganyikiwa."

Mtaalamu alikumbuka nani hasa aliyesema hivyo, na kwa maneno gani, na mbele ya wajomba wangapi.

"Aliliendesha muda mfupi. Siku moja akagonga nguzo ya geti letu, akanipa ufunguo. Nikamwambia mimi niliendesha gari la kliniki kwenye matope wakati dereva anaumwa, na dereva wetu alikuwa anaumwa kila mwisho wa mwezi. Kwa hiyo usukani siuogopi. Tukawa tunatoka asubuhi mapema, watu hawajaamka, tunakwenda ile barabara ya kiwanda cha saruji kilichofungwa. Hakuna mtu kule. Unaijua barabara ile nani aliipima?"

"Nani?"

"Yeye. Alikuwa kijana, hata wewe hujazaliwa. Alikaa porini na hema miezi mingi, anapigilia vigingi mita kwa mita. Anaijua kona moja moja. Basi anakaa pembeni yangu, amefumba macho kabisa, ananiambia. Kulia, ndefu, inafunguka. Kushoto, inafunga mwishoni, usikimbilie. Sasa moja kwa moja, kanyaga. Nami nakanyaga." Mama alitazama mikono yake. "Hakukosea hata mara moja. Aliniambia amefurahi zaidi ya siku ya harusi. Nilitaka kukasirika, nikashindwa."

Lori la mafuta lilikuwa linarudi kinyumenyume ng'ambo ya barabara, likipiga king'ora chake chembamba. Mtaalamu alilitazama mpaka liliposimama.

"Kwa nini hamkutuambia?"

"Mngeitisha kikao."

Ilikuwa kweli. Wangeitisha kikao, yeye angekuwa mwenyekiti, na kabla ya chai kutolewa gari lingekuwa limeuzwa na mzee amewekewa kijana wa kumshika mkono. Angefanya hivyo kwa mapenzi makubwa. Lakini lililomuuma si hilo. Ilikuwa harusi ya binamu yake, mwaka mmoja kabla ya msiba. Alimwona baba yake akija kwenye ukumbi, akasimama upande, akamnyooshea mkono, na mzee akapita. Hakugeuka hata kidogo. Mbele ya watu. Mtaalamu alinuna miezi mitatu, hakupiga simu, na alimweleza mkewe kwamba kuna watu wakipata gari kubwa wanasahau walikotoka.

"Kwenye harusi ile," akasema.

"Alikuja kuniuliza nyumbani," Mama akasema. "Mbona mwanangu hakunisalimia."

Mtaalamu alitoa leso, akajifuta jasho usoni, ingawa kivuli kilikuwa kizuri na hakukuwa na joto. Mama alimwachia muda wa kufuta, kisha akasimama, akajinyoosha mgongo.

"Twende, wasije wakatufungia yale matairi yako ya mashindano."

Ndani, mambo yalichukua mkondo mwingine. Mama alieleza anachotaka, na kama ulikuwa na fikra kwamba bibi huyu atachagua matairi ya kwendea sokoni, umepotea. Alitaka herufi ya kasi ile ile iliyo kwenye kitabu cha gari, si chini ya hapo. Alitaka mifereji mirefu ya kutosha kutapika maji. Alitaka mabega ya tairi yawe imara lakini ubavu usiwe wa kuvunja watu viuno. Na alitaka yasipige kelele, kwa sababu, alisema bila aibu, yeye anapenda kuisikia injini.

"Mama ana hoja," Muuzaji akasema, safari hii kwa moyo wote.

"Ila yabadilishwe ya nyuma tu. Ya mbele bado yana uhai."

Hapo Mtaalamu akaamka. Labda alihitaji kuwa sahihi katika jambo lolote, hata dogo. Akasema hapana. Mama alikuwa amebadilisha aina kabisa. Huwezi kuwavalisha ndugu wanne viatu, wawili wa nyuma ndala na wa mbele mabuti, kisha ukawatuma kukimbia pamoja. Mvua ikija, mbele kutasema hivi na nyuma vile, na gari litakwenda linakotaka. Alikuwa amelisoma hilo sehemu nyingi, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kusoma, alilosoma lilikuwa na faida.

Mama akafikiri. "Sawa. Yote manne."

Muuzaji akaingia stoo, akatoka anayabingirisha mawili mawili, anatabasamu. Yalikuwa yanang'aa. Fundi akachukua la kwanza kulipandisha kwenye mashine, na Mtaalamu akasema, "Subiri."

Akapiga magoti sakafuni, suruali yake ya Jumamosi na yote. Wanaomcheka Mtaalamu kwa magodoro, na mimi nimo, wanasahau kwamba mtu hawezi kukaa katika ununuzi wa hospitali bila kujifunza kitu kimoja, nacho ni kutafuta tarehe. Dawa, glavu, mabomba ya sindano, kila kitu kina tarehe, na kila muuzaji ana kidole kinachokaa juu ya tarehe hiyo. Akazungusha tairi mpaka akaona kijiduara chenye tarakimu nne kwenye ubavu, juma na mwaka wa kutengenezwa. Akaenda kwenye la pili, la tatu, la nne.

"Mawili haya ni ya mwaka huu," akasema. "Haya mengine yametoka kiwandani kabla mwanangu wa mwisho hajaanza shule. Yuko darasa la tano."

"Bosi, tairi likikaa kivulini halizeeki."

"Hata mimi nikikaa kivulini?"

Fundi akageuka pembeni kucheka. Muuzaji akajaribu kusema yalipakwa dawa, kisha akasema yalikuja hivi karibuni, kisha akasema labda kijana wa stoo alichanganya, ingawa stoo hiyo ufunguo wake ulikuwa unaning'inia kwenye mkanda wake mwenyewe. Mtaalamu alimngoja amalize. Alikuwa na sura ileile anayokuwa nayo kazini mtu anapomletea glavu zilizokwisha muda, sura ya mtu mwenye siku nzima.

"Bosi ana hoja," hatimaye Muuzaji akasema, akarudi stoo, na ajabu, yakapatikana mengine mawili.

Mama alikuwa amesimama nyuma ya mwanawe muda wote huo. Akamwekea mkono begani anyanyuke.

"Hilo mimi nisingeliona," akasema.

Maneno hayo matatu Mtaalamu aliyala wiki nzima kama posho.

Matairi yakafungwa, yakapigwa balansi, gari likanyooshwa miguu ya mbele kwenye mashine. Muuzaji akaleta ufunguo, akausimamisha hewani kati ya watu wawili, hajui ampe nani. Mama akanyoosha mkono. Akasogeza kiti mbele, tena mbele, akarekebisha vioo vyote vitatu, akafunga viatu vyake vya kamba upya. Mtaalamu akaingia upande wa abiria, akafunga mkanda, akashika kile kishikio cha juu ya mlango. Alijikabidhi kwa Mola, na aliwaza kwa uchungu kiasi kwamba hakumuaga mkewe.

Mama akatoka taratibu mno. Taa ya kwanza akasimama kabla haijawa nyekundu. Kwenye mzunguko wa maua akazunguka kama amebeba mgonjwa aliyeshonwa. Kigari kidogo kilichojaa mabomba ya plastiki kikawapigia honi, kikawapita.

"Mama, unaweza kukanyaga kidogo," Mtaalamu akasema, bado kashika kishikio.

"Matairi mapya yana utelezi wa kiwandani. Siku za mwanzo unayalea." Akampisha mtu wa mkokoteni. "Hukusoma hilo?"

Alikuwa amelisoma. Alikuwa amelisahau.

Jioni hiyo alimweleza mkewe yote, na alieleza vizuri, bila kujiongezea, mpaka alipofika kwenye harusi akashindwa kuendelea. Mkewe akamsikiliza. Akamwekea chakula, akakaa naye mpaka akala. Kazini, hata hivyo, Jumatatu habari ilikuwa na umbo jingine. Kazini ilijulikana kwamba Mtaalamu alikwenda kununua matairi na akamkamata muuzaji mchana kweupe, na kwamba katika msafara huo alikuwepo pia mama yake, kama mwangalizi.

Ufunguo wa gari haukurudi mikononi mwake. Hakuna aliyemnyang'anya. Ila Jumamosi iliyofuata alipokwenda kuliosha alikuta limeshaoshwa, na Jumamosi ya baada ya hapo alikuta halipo. Kisha Mama akapiga simu, na hakumtafuta yeye.

"Mkwe wangu," akamwambia mke wa Mtaalamu, "Jumamosi asubuhi una kazi?"

Mfamasia alirudi saa ya chai, nywele zimesimama, macho yanang'aa kama mtoto aliyetoka kuogelea. Akaulizwa ilikuwaje. Akasema nzuri. Akaulizwa mwendo gani. Akasema hakuangalia. Jumamosi iliyofuata akaenda tena, na mara hii aliondoka na viatu vya kamba. Mtaalamu alibaki na watoto, akawapikia mayai, akawaeleza umuhimu wa upepo sahihi katika tairi. Wakala haraka.

Jumamosi ya tatu ya safari hizo Mtaalamu aliamka kabla ya mkewe. Alikuwa ameshavaa, amesimama mlangoni kama mtu anayesubiri mtu mwingine. Watoto walikuwa wamelala kwa shangazi yao tangu jana, jambo ambalo alilipanga mwenyewe na kudai kwamba limetokea tu. Gari la buluu likaja, likasimama. Mama akateremsha kioo.

"Nilikuwa nafikiri," Mtaalamu akasema, "mtu anatakiwa kuyakagua yale matairi. Baada ya matumizi."

"Nyuma kuna nafasi," Mama akasema.

Nyuma hakukuwa na nafasi ya maana, kwa sababu mkewe alirudisha kiti chake nyuma na hakukisogeza. Mtaalamu alikaa magoti yakimfikia kifuani. Barabara ya kiwanda ilikuwa tupu, ina umande, inapanda kilima na kushuka upande wa pili. Walipofika kwenye sehemu ya kwanza iliyonyooka, Mama akakanyaga. Injini ikabadilisha sauti, na kiti kikamsukuma Mtaalamu mgongoni kama mkono wa mtu. Kona ya kwanza ikaja, gari likashika, likageuka, halikuteleza. Alitaka kusema kitu kuhusu mabega ya tairi, akashika kiti cha mbele kwa mikono miwili. Kona ya pili alifumba macho. Hakuwa na hakika kama ni kwa woga. Akayaacha yafumbike mpaka chini kabisa, akisikiliza.

Wakasimama kwenye geti lililofungwa la kiwanda. Mama akazima gari, na chuma kikawa kinalia tik, tik, kikipoa. Mkewe akatoa chupa ya chai na vikombe vitatu. Hakuna aliyemuuliza kwa nini alileta vitatu.

Walipomaliza Mama akashuka, akampa mwanawe ufunguo juu ya paa la gari. "Rudisha wewe."

Mtaalamu akautazama ufunguo, akautazama mlima waliouteremka.

"Mpe yeye," akasema, akimwonyesha mkewe. "Mimi nitakaa nyuma niangalie matairi."

"Kutoka ndani?" mkewe akauliza.

"Kutoka ndani."

Mkewe akaingia upande wa usukani. Mama akakaa pembeni yake, akafunga mkanda, akamwambia aanze na vioo, na asiwashe mpaka ahakikishe anaona mpaka nyuma kabisa.